Meza ya Dhifa ya Kitaifa na Vipimo Vyake

Meza ya dhifa ya kitaifa katika Kasri la Buckingham, jijini London, hutandikwa kwa rula. Ukumbi mkubwa wa dansi, uliojengwa miaka ya 1850, huwekwa meza yenye umbo la kwato ya farasi inayotosha wageni wapatao 170, na kila mgeni hutengewa upana wa sentimita 46 hivi. Kipimo hicho ndicho kinachoibeba meza nzima. Kikipunguzwa kidogo kwa kila mgeni, sehemu moja ya meza itasongamana na nyingine kubaki na pengo, na katika meza ndefu kiasi hicho dosari huonekana tangu mlangoni. Ndiyo maana maandalizi huanza siku kadhaa kabla.

Mpangilio wa visu na uma una chanzo chake katika namna chakula kinavyoletwa. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, mtindo wa Kifaransa uliotawala katika majumba ya wakuu wa Ulaya ulikuwa kujaza meza vyakula vingi kwa pamoja. Mgeni alijipakulia kilichokuwa karibu naye, na mara nyingi kilikuwa kimeshapoa. Mtindo wa Kirusi, ambao balozi Alexander Kurakin anatajwa kuwa aliupeleka Paris, ulibadili mambo: chakula kilikatwa pembeni, kikaletwa kwa zamu, kozi moja baada ya nyingine. Katikati ya meza pakapata nafasi ya maua na vinara vya mishumaa. Na kwa kuwa mfuatano wa vyakula ulijulikana mapema, vifaa vya kila kozi viliweza kuwekwa tayari mbele ya mgeni.

Hivyo meza husomwa kutoka nje kuelekea kwenye sahani. Kifaa kilicho mbali zaidi na sahani ndicho cha kozi ya kwanza. Kikiondolewa, kinachofuata ndicho cha kozi ya pili. Uma hukaa kushoto; visu na kijiko cha supu hukaa kulia, makali ya kisu yakielekea sahani. Miisho ya mipini yote hulingana kwenye mstari mmoja, karibu na ukingo wa meza. Anayetandika bila kuijua orodha ya vyakula hawezi kupatia, hata akiwa na vyombo vya fedha tupu. Kuongeza kijiko cha supu mahali ambapo supu haitaletwa ni kosa kubwa kuliko kukosa maua, kwa sababu humpotosha mgeni.

Sahani ndogo ya mkate huwekwa kushoto, juu ya uma. Glasi huwekwa kulia, juu ya visu, kwa kuwa vinywaji humiminwa kutoka upande huo, wakati sinia la chakula hupitishwa kushoto ili mgeni ajipakulie kwa mkono wa kulia. Katika Buckingham kila mgeni huwa na glasi sita: ya maji, ya shampeni kwa ajili ya kutakiana heri, ya mvinyo mweupe, ya mvinyo mwekundu, ya mvinyo mtamu wa kitindamlo na ya mvinyo wa poti. Glasi sita katika sentimita 46 ni kazi ya ustadi.

Vyombo vyenyewe vingi hutoka katika seti kubwa ya fedha iliyopakwa dhahabu, iliyoanza kuagizwa mwaka 1806 na mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George IV, na ambayo sasa ina vipande zaidi ya 4,000. Kabla ya wageni kuingia, mfalme au malkia mwenyewe huikagua meza.

Baada ya hapo kazi huhamia kwa wahudumu. Vituo 19 huzunguka meza, kila kimoja kikiwa na watu wanne, na taa za rangi huwaashiria wakati wa kujiweka tayari na wakati wa kuhudumia, ili kozi ianze kutolewa kwa wakati mmoja katika vituo vyote.