Wizi wa Mswada katika Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (2012) ya marehemu Ken Walibora ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017. Watahiniwa wengi waliutaja wizi wa mswada kama maudhui madogo, nyuma ya uongozi mbaya na unyakuzi wa ardhi. Makala haya yanaonyesha kuwa wizi huo ni mhimili wa taharuki katika riwaya hii.

Tuanze na msuko. Amani anafika Sokomoko akiwa na siri. Anakubali kuchunga mifugo ya Mtemi Nasaba Bora ilhali ni msomi na mwandishi. Mwalimu Majisifu naye ana siri yake: riwaya iliyompa sifa ni mswada wa Amani alioutoa kwa jina lake mwenyewe. Swali linalomsukuma msomaji mbele si nani aliiba tu, bali pia ni lini mwenye haki atanena.

Aidha, Mtemi na Majisifu ni ndugu. Mmoja amepora ardhi, mwingine amepora maneno. Majina yao yamejaa kinaya. Isitoshe, mswada ulioibwa una anwani ile ile ya riwaya tunayoisoma. Wanafunzi wa huku kwetu, karibu na Ziwa Victoria, wanajua kuwa omena ikimwozea mchuuzi, harufu haifichiki.

Hata hivyo, dosari ipo. Mtemi anaangamia, lakini Majisifu anapokiri kosa lake, anasamehewa upesi mno. Je, maneno ni mali hafifu kuliko shamba?

Hapa Kosele swali hilo linatuhusu sisi walimu. Mwanafunzi hukariri insha ya kitabu cha marudio, akaileta kama yake, nasi tukaituza kwa utamu wa lugha. Mwenzake aliyejitungia aya tatu zenye athari za Dholuo huambulia alama chache. Tukifanya hivyo, tunamlea Majisifu na kumvunja moyo Amani.

Basi mwalimu, lipe darasa lako swali hili: "Majisifu ni mwizi sawa na Mtemi. Jadili." Kisha sahihisha ukitafuta sauti ya mwanafunzi mwenyewe, hata ikiwa bado inakwaruza.