Mkasi na Gundi Kando ya Rio Bravo

Vita vya Ciudad Juárez vya tarehe 8 hadi 10 Mei 1911 vilikuwa na watazamaji. Ng'ambo ya mto, upande wa Texas, watu wa El Paso walipanda juu ya mapaa na mabehewa ya treni, wengine na darubini, kuwaangalia waasi wa Francisco Madero wakiuteka mji mtaa kwa mtaa kutoka mikononi mwa jeshi la Rais Porfirio Díaz. Risasi zilivuka mto na kuwaua baadhi yao. Wapiga picha za sinema nao walikuwapo. Ndugu wa ukoo wa Alva waliupiga picha ushindi huo, na kabla mwaka haujaisha Wameksiko waliokuwa mbali na vita wakauona ukicheza kwenye pazia.

Ni mji wa mapito. Ulianza mwaka 1659 kama misheni ya Guadalupe, mahali panapoitwa Paso del Norte. Mkataba wa 1848 uliomaliza vita vya Meksiko na Marekani ukaufanya mto kuwa mpaka, na mwaka 1888 ukapewa jina la rais Benito Juárez. Mto wenyewe una majina mawili: Rio Bravo kwa walio kusini, Rio Grande kwa walio kaskazini. Huko nyuma jamaa wa ukoo mmoja waliishi kingo zote mbili na kuvuka kwenda sokoni, kanisani, kazini, na baadaye sinema.

Pancho Villa, kiongozi wa waasi, aliujua mji huo vizuri. Alikuwamo kwenye mapigano ya 1911, na Novemba 1913 akaurudia kwa hila ambayo mpaka leo watu hawachoki kuisimulia. Aliteka treni ya makaa ya mawe, akawalazimisha wapiga telegrafu wa stesheni kutuma ujumbe kana kwamba treni bado iko mikononi mwa jeshi la serikali na imezuiwa na waasi, kisha akasubiri amri ya kurudi Juárez. Amri ikaja. Usiku wa manane watu wake wakateremka katikati ya mji askari wakiwa wamelala. Ukisoma kisa hicho unaona mtu aliyejua thamani ya kuonekana na ya kutoonekana. Sishangai, basi, kwamba wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 1914, alitia saini mkataba na kampuni ya sinema ya Mutual ya Marekani. Kampuni ilipata haki ya kupiga picha vita vyake, naye akaahidiwa asilimia 20 ya mapato. Hadithi kwamba alikubali kupigana mchana tu ili kamera zipate mwanga haimo kwenye mkataba, ingawa imedumu kuliko filamu yenyewe. Filamu hiyo, The Life of General Villa, ilionyeshwa New York mwaka 1914, Raoul Walsh akiigiza Villa wa ujanani. Baadaye ikapotea.

Upepo uligeuka mapema. Tarehe 9 Machi 1916 watu wa Villa waliushambulia mji wa Columbus, New Mexico, na Jenerali Pershing wa Marekani akaingia Meksiko na maelfu ya askari kumsaka, asimpate. Sinema zilizokuwa zimemfanya shujaa zikamfanya jambazi, na pamoja naye kila Mmeksiko mwenye masharubu na kofia pana. Mwaka huohuo Universal ilitoa Liberty, sinema ya vipindi 20 kuhusu binti wa Kimarekani anayeandamwa na majambazi wa Kimeksiko. Filamu za aina hiyo zilizagaa mpaka mwaka 1922 serikali ya Rais Obregón ikazipiga marufuku nchini Meksiko filamu zote za kampuni zilizokuwa zikiidhalilisha nchi, zile za matusi na zile zisizo na tusi lolote. Serikali ina mihuri na forodha, kwa hiyo ilitumia mihuri na forodha.

Félix Padilla hakuwa na mihuri. Alikuwa mwonyeshaji sinema wa kuhamahama, yeye na mwanawe Edmundo, maskani yao El Paso. Katika miaka ya 1920 na 1930 walizunguka kaskazini mwa Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani wakionyesha filamu bubu kwa watu wanaozungumza Kihispania. Walinunua na kukusanya mikanda iliyochoka, iliyokwisha kuzungushwa mpaka wenyewe wameiacha. Villa aliuawa mjini Parral tarehe 20 Julai 1923 akiwa ndani ya gari lake aina ya Dodge, na watu wa mpakani walitaka kumwona. Hakukuwa na filamu ya kuwaonyesha. Ilikuwapo milundo ya vipande: taarifa za habari, vita vya kweli, vita vya kuigiza vilivyopigwa picha California, mabaki ya ile filamu ya Mutual, na Liberty pamoja na matusi yake yote. Padilla akachukua mkasi.

Kazi ya kuunga mkanda haina fahari ya kamera, na kwa sababu hiyo nataka tuiangalie kwa karibu. Mkanda wa milimita 35 una matundu manne kila upande kwa kila picha. Fundi hukata karibu na mstari mwembamba unaotenga picha na picha, akiacha ulimi mdogo kwenye kipande kimoja. Ulimi huo huloweshwa kidogo, kisha utando wenye picha hukwanguliwa kwa wembe mpaka plastiki tupu itokee. Gundi hupakwa kwa brashi ndogo, upesi maana hukauka upesi, na kipande cha pili hulazwa juu yake, tundu juu ya tundu, kikabanwa. Gundi hiyo huyeyusha nyuso zote mbili zikawa kitu kimoja. Ukikwangua haba, kiungo kitaachia mbele ya watu. Ukizidisha, mkanda utakatika. Ukikosea tundu moja tu, mstari ule mwembamba utatokea ndani ya pazia na mpanda farasi atakuwa na miguu juu na kichwa chini yake. Zaidi ya hayo, mkanda wa enzi hizo ulikuwa wa naitreti, na naitreti ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake: maji hayaizimi. Mtu aliyeukata na kuuunga kwa miaka alikaa jirani na moto kila siku ya kazi yake.

Hiyo ni mikono. Akili ya kazi iko kwingine, kwenye kuamua kipi kifuate kipi. Mpanda farasi aliyepigwa picha na Universal ili awe tishio, ukimtanguliza na picha za kijiji kilichochomwa, hawi tishio tena. Anakuwa mtu anayekwenda kulipiza. Hakuna picha hata moja iliyobadilishwa. Farasi ni yuleyule, vumbi ni lilelile, mwigizaji anafanya kile alichoambiwa afanye na waongozaji waliokusudia kumtukana babu yake mtazamaji. Kilichobadilika ni jirani yake kwenye mkanda, na maandishi yanayotangulia. Padilla alitengeneza upya vibao vya maandishi, kwa Kihispania na kwa Kiingereza pamoja, kwa sababu aliwajua watazamaji wake: bibi aliyezaliwa Chihuahua ameketi na mjukuu aliyesoma shule ya Texas, na wote wamelipa. Filamu akaiita La venganza de Pancho Villa, yaani kisasi cha Pancho Villa. Jina hilo ni la Villa, lakini mimi siwezi kulisoma bila kuona kisasi cha mwonyeshaji mwenyewe dhidi ya mikanda aliyoletewa.

Palipokosekana picha, akina Padilla walizipiga wenyewe. Waliigiza kuuawa kwa Villa, wakaunga maigizo hayo mwishoni mwa mikanda ya wengine. Mtaalamu wa leo atasema uhalisia na uigizaji vimechanganywa ovyo. Sikubaliani naye. Esfir Shub, ambaye huko Moscow mwaka 1927 aliunga mikanda ya habari ya enzi ya mfalme akatoa filamu ya kuanguka kwa ukoo wa Romanov, anasomeshwa vyuoni kama mwasisi wa sanaa hii, na anastahili. Alikuwa na dola na hifadhi nzima nyuma yake. Padilla alikuwa na watazamaji wanaosubiri, na alifikia ugunduzi uleule: kwamba picha haina maana moja hadi milele, na anayeishika kwa mkono anaweza kuipeleka upande mwingine.

Kumbukumbu za filamu hiyo huipa miaka 1930 hadi 1936 badala ya mwaka mmoja, na ndivyo ilivyo kazi ya mwonyeshaji: huiona ikichezwa, husikia watu wanaponyamaza na wanapopiga kelele, kisha hurudi mezani. Ilikuwa miaka migumu. Marekani ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na watu wenye asili ya Meksiko walisukumwa kwa malaki warudi kusini, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, maelfu wakipitia stesheni ya Ciudad Juárez na mizigo yao. Kwa watu waliokuwa wanaambiwa hawana pao, saa moja ya kumwona mtu ambaye watu wake waliingia Marekani kwa silaha, naye asikamatwe, haikuwa burudani ndogo. Wakati huohuo sauti ilikuwa imefika. Mwaka 1932 Meksiko ilipata Santa, filamu ya sauti iliyovuma nchi nzima, na baada ya hapo nafasi ya mtu mwenye mikanda bubu ikazidi kupungua.

Mikanda ya akina Padilla iliwekwa, ikasahauliwa. Aliyeitoa kwenye usahaulifu ni Gregorio Rocha, mtengenezaji filamu wa Meksiko, aliyekuwa akiisaka filamu ya Mutual katika hifadhi za Ulaya na Amerika. Safari hiyo ameisimulia katika Los rollos perdidos de Pancho Villa ya mwaka 2003. Alichokitafuta mbali alikipata mpakani, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na si mzima: vipande vya The Life of General Villa vikiwa vimeungwa kati ya vipande vya wengine, kwa mkono wa Padilla. Mwaka 2009 La venganza de Pancho Villa iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu ya Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na kazi za kampuni kubwa ambazo mikanda yao akina Padilla waliiokota.

Ugunduzi kama huo huleta kishawishi, nami nakielewa. Mwanahistoria anaweza kutamani kuvichomoa vipande vya Mutual, avisafishe, avipange kwa utaratibu wa New York wa 1914, apate sehemu ya filamu iliyopotea. Teknolojia ya leo inamruhusu kufanya hivyo kwenye nakala bila kugusa mkanda, na afanye, ikiwa utafiti unadai. Lakini filamu ya Padilla itakapochezwa mbele ya watu, ichezwe kama ilivyoungwa El Paso, viungo vikirukaruka, maandishi kwa lugha mbili, kifo cha Villa kikiigizwa na watu wa mpakani. Mutual waliipiga filamu yao na kuiacha ipotee. Iliyobaki imebaki kwa sababu mwonyeshaji wa kuhamahama aliikwangua kwa wembe, akaipaka gundi, akaikabidhi kazi nyingine.