Mchoraji wa Barabarani na Jumba la Maonyesho

Uchoraji ni sanaa kongwe, na jiwe ni ubao wake wa kwanza. Kabla ya karatasi na kitambaa cha kuchorea kujulikana, watu walichora wanyama na wawindaji juu ya miamba. Michoro ya namna hiyo imo katika miamba ya Kondoa, nchini Tanzania, na hutazamwa hata leo. Kwa hiyo mtu achoraye ukutani mjini hakuzua desturi ngeni. Yaliyo mageni ni mambo mawili: ukuta wa mjini una mwenyewe, na picha siku hizi ina bei. Kutokana na mambo hayo mawili imezaliwa hoja ambayo yafaa tuipime katika insha hii. Je, picha iliyochorwa barabarani kwa ajili ya wapita njia hubaki picha ileile ikihamishwa jumbani, ikatiwa fremu, ikauzwa?

Kwanza tubainishe maneno. Si kila mkwaruzo ulio ukutani ni sanaa. Mtu aandikaye jina lake juu ya ukuta wa jirani ili ijulikane tu kuwa alipita hapo amefanya uchafu, wala hana haki ya kuitwa msanii. Mchoraji wa barabarani ni yule auchaguaye ukuta kama mshairi achaguavyo bahari ya shairi lake. Huutazama kimo chake, nuru yake, watu wapitao mbele yake na shughuli iendeshwayo nyuma yake, ndipo akachora kitu kinachopatana na hayo yote. Mahali ni sehemu ya kazi yake kama rangi ilivyo. Mhakiki asahauye jambo hili hupima nusu ya kazi na kudhani ameipima yote.

Tumtazame Keith Haring wa Marekani. Katika miaka ya kwanza baada ya 1980, kijana huyu alichora katika vituo vya reli ya chini ya ardhi mjini New York. Vituoni mlikuwa na mbao za matangazo, na tangazo lililokwisha muda wake lilifunikwa kwa karatasi nyeusi mpaka lipatikane jingine. Haring aliona katika weusi huo ubao mkubwa usio na mwalimu. Alichukua chaki nyeupe akachora watoto watambaao wakizungukwa na miale, mbwa wabwekao na watu wachezao. Ruhusa hakuwa nayo, na zaidi ya mara moja alikamatwa.

Ukiichunguza michoro hiyo utaona kwamba karibu kila sifa yake ilitokana na mahali pake. Mstari ni mnene, ni mmoja, wala haukurudiwa, maana chaki haikumpa nafasi ya kufuta na askari alikuwa karibu. Nyuso aghalabu hazina macho wala midomo, maana abiria anayekimbilia gari hana wasaa wa kutazama kope. Ufupi huo haukuwa upungufu wa elimu, kwani Haring alisoma katika chuo cha sanaa. Ulikuwa ni adabu kwa mtazamaji mwenye haraka: mchoraji alisema neno lake upesi ili asimcheleweshe mwenziwe. Lakini sifa za Haring zilipoenea, watu walianza kubandua karatasi hizo na kuzipeleka nyumbani au kuziuza. Mchoro uliokusudiwa maelfu ukawa wa mmoja. Haring akaiacha kazi hiyo ya vituoni.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Uingereza ina mchoraji ajiitaye Banksy, ambaye huficha jina lake halisi. Njia yake ni kukata umbo katika karatasi ngumu, kuishikiza karatasi hiyo ukutani, kisha kupuliza rangi juu yake, na kazi ikaisha kwa muda mfupi. Mwezi wa Mei 2012 ilionekana picha yake juu ya ukuta wa duka la bidhaa za bei rahisi huko Wood Green, kaskazini ya London. Ilikuwa picha ya mtoto aliyepiga magoti mbele ya cherehani, akishona bendera ndogo ndogo za Uingereza. Wakati huo nchi ilikuwa ikijiandaa kusherehekea miaka 60 ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Pili, na bendera za namna hiyo zilikuwa zikitundikwa kila upande. Picha ilimwuliza mpita njia swali bila ya kutamka neno: ni nani aliyekushonea pambo la furaha yako, na kwa ujira gani?

Mwezi wa Februari 2013 kipande hicho cha ukuta kilikatwa, kikaonekana katika orodha ya mnada mjini Miami, Marekani. Wakazi wa Wood Green walilalamika na picha ikaondolewa mnadani. Lakini mwezi wa Juni wa mwaka uleule ikauzwa London kwa zaidi ya pauni 750,000. Nguvu ya picha ile ilikaa juu ya mafiga matatu, nayo ni mtoto, duka la bei rahisi, na sherehe iliyokuwa mlangoni. Aliyeukata ukuta alichukua figa moja akayaacha mawili. Huko ilikokwenda, mtoto angali akishona, lakini hapana tena mnunuzi aliyebeba mfuko wa bidhaa rahisi ambaye moyo wake utachomwa. Picha iliyokuwa shahidi imegeuka kuwa pambo, na shahidi aondolewaye mahakamani hata akipewa kiti cha dhahabu hawezi kumshuhudia mtu.

Mchoraji huyohuyo alijaribu kuufundisha mnada adabu. Mwaka 2002 alichora ukutani mjini London msichana aliyenyosha mkono kulielekea puto jekundu lenye umbo la moyo, ambalo upepo umelichukua. Baadaye alitengeneza picha hiyo juu ya kitambaa pia. Tarehe 5 Oktoba 2018 kitambaa kimoja kiliuzwa kwa mnada mjini London kwa zaidi ya pauni 1,000,000. Nyundo ilipogonga tu, mashine iliyofichwa ndani ya fremu iliikatakata picha mpaka nusu yake ikaning'inia chini kama nyuzi. Watu walidhani biashara imeaibishwa. Kumbe sivyo. Oktoba 2021 picha ile iliyochanika iliuzwa tena, na safari hii bei ilipita pauni 18,000,000. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alilimwaga tembo mbele ya wanywaji, nao wakakinunua kibuyu kitupu kwa fedha nyingi kuliko tembo lenyewe. Tujifunze kwamba bei ni habari ya mnunuzi kabla ya kuwa habari ya picha. Hutuambia kiasi cha tamaa ya watu, wala haituambii kama mkono wa mchoraji ulikuwa hodari.

Hata hivyo haitakuwa haki kulilaumu jumba la maonyesho kwa kila jambo. Mvua hufuta, jua hubabua, na msanii naye hula kama watu wengine. Tena ziko kazi ambazo barabara haiwezi kuzibeba. Jean-Michel Basquiat, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1960 na baba kutoka Haiti, alianza ujanani kwa kuandika maneno ya mafumbo juu ya kuta za Manhattan, yeye na rafiki yake, wakitia sahihi ya SAMO. Alipoingia majumbani tangu mwaka 1981 hakuhamisha ukuta. Alianza kazi nyingine. Katika picha zake mna mafuvu, mataji, na majina ya mabondia na wanamuziki weusi. Maneno mengi ameyaandika kisha akayakata kwa mstari, na neno lililokatwa humvuta mtazamaji alisogelee na kulisoma kwa bidii zaidi. Picha za namna hiyo zataka mtu asimame kitambo kirefu. Jumba humpa mtazamaji kitambo hicho, na hiyo ndiyo fadhila yake ya kweli. Basquiat alikufa mwaka 1988, umri wake miaka 27. Mwaka 2017 picha yake moja ya mwaka 1982 iliuzwa New York kwa dola zaidi ya 110,000,000. Fedha hizo hazikuweza kumfaa yeye.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika hiari na katika kusudi. Basquiat alichora kwa ajili ya jumba, na kazi yake yapasa kupimwa jumbani. Mtoto wa Wood Green alichorwa kwa ajili ya ukuta mmoja, na kumng'oa ni kuandika upya kazi ya mtu bila ya idhini yake. Mchoraji mmoja wa Italia ajiitaye Blu alilionyesha jambo hili waziwazi. Mwezi wa Machi 2016 mji wa Bologna ulikuwa unakaribia kufungua maonyesho ya sanaa ya barabarani, ambamo mlikuwa na kazi zilizobanduliwa kutoka kuta zake. Blu pamoja na wasaidizi wake walipaka rangi ya kijivu juu ya michoro mikubwa aliyoichora mjini humo kwa muda wa miaka 20. Aliona ni heri ipotee kuliko itekwe. Mimi nasikitikia michoro ile, kwa sababu wakazi maskini wa mitaa ile hawakuwa na hatia, nao ndio waliopoteza zaidi. Lakini hoja yake naiona kuwa ni nzito.

Mwenye ukuta naye ana haki, na haki hiyo ina mpaka. Katika mtaa wa Queens, New York, lilikuwako jengo lililoitwa 5Pointz, ambalo mwenyewe aliwaruhusu wachoraji kulipamba kwa miaka mingi. Novemba 2013 michoro ilipakwa chokaa usiku bila ya wachoraji kuarifiwa, na jengo likavunjwa baadaye. Wachoraji wakashtaki. Mwaka 2018 hakimu aliamuru wachoraji 21 walipwe dola 6,750,000, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Kosa lililoadhibiwa halikuwa kulivunja jengo, kwani jengo lilikuwa lake. Kosa lilikuwa kuiangamiza kazi ya watu pasipo kuwapa nafasi ya kuiokoa au hata kuiaga.

Na sisi hapa kwetu tuna kuta zetu. Mwaka 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, mpiga picha Boniface Mwangi pamoja na wachoraji wenziwe walichora katikati ya Nairobi wanasiasa kwa sura ya tai wala mizoga. Picha ile ilikuwa na ushujaa, na mahali pake palichaguliwa vyema, maana mtawala na mtawaliwa hupita njia moja. Upungufu wake ni kwamba maana yake hushikwa kwa mtazamo mmoja, na mtazamo wa pili haumwongezei mtu kitu. Tai ni mbaya, mwananchi ni mwema, basi. Picha kubwa humwuliza mtazamaji pia juu yake mwenyewe, kama alivyofanya mtoto wa cherehani.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipokuwa zikiunguza Kibera, msanii Solomon Muyundo, aitwaye Solo7, aliandika maneno ya kuomba amani juu ya kuta, milango na vibanda vya mtaa huo. Kwa kipimo cha ufundi hapana mengi ya kusimulia: ni herufi tu, wala hazina madoido. Lakini fikiri juu ya mahali. Herufi zilezile juu ya kitambaa cheupe jumbani zingekuwa nasaha ambayo hakuna aikataaye. Juu ya mlango wa duka ambalo lingeweza kuchomwa usiku uleule, zilikuwa ni mtu aliyesimama mlangoni akanyosha mikono. Hapana mnada uwezao kuipima thamani hiyo, wala hapana msumeno uwezao kuikata na kuihamisha.

Kwa hiyo, kijana msomaji, utakapopita mbele ya picha mjini, iwe ukutani au ubavuni mwa matatu, usiridhike na kusema ni nzuri au ni mbaya, wala usiulize kwanza bei yake. Jiulize maswali matatu. Mkono uliochora ni hodari, au umeiga tu? Mahali pale panaipa nguvu, au ingekuwa vilevile popote? Na mtu apitaye pale, akiwa amechoka na ana haraka zake, amepewa kitu cha kuchukua moyoni? Picha ishindayo mtihani huu ni sanaa hata kama itafutwa kesho. Na ile ambayo sifa yake yote ni bei yake, hiyo ni mali tu. Na mali yaweza kulindwa kwa kufuli na walinzi siku zote, isimfundishe mtu neno lolote.