Hukumu ya Kazi ya Wastani: Wahakiki na Michezo ya Video

Uhakiki haupimwi kwa kazi bora wala kwa kazi mbovu. Kazi bora hujisemea, na kazi mbovu hujifedhehesha yenyewe. Katika mambo hayo mawili mhakiki hana jasho kubwa la kutoa. Ujuzi wake hudhihirika anapokabiliwa na kazi ya wastani, yaani ile yenye chembe ya uzuri iliyochanganyika na kasoro, ambayo hadhira haijui iipokee au iiache. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna hukumu za aina hiyo zinavyotolewa juu ya michezo ya video. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha za Kiafrika. Mchezo wa video una mtunzi, una wahusika, una mandhari na una hadhira. Na kijana wa leo wa Gilgil au Nakuru humkuta shujaa wake wa kwanza kwenye kioo cha simu mara nyingi kabla ya kumkuta kitabuni. Utungo ulio na sifa hizo hauwezi kuachiwa wafanyabiashara peke yao kuuhukumu.

Mfano wa hukumu nzuri ya jambo la wastani upo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Kikopey, mbele ya Gilgil na juu ya Ziwa Elmenteita, ni mahali panapojulikana kote nchini Kenya kwa nyama choma. Wachomaji ni wengi, majiko yamepangana, na si kila mbuzi aliyechomwa pale amestahili safari. Hata hivyo, aliyekwisha kula hamwambii mwenziwe anayeshuka garini kwamba nyama ya leo ni saba na nusu kwa kumi. Humwambia kuwa mbavu ni laini, paja limekauka, na mwenye haraka asiagize kwa sababu moto ndiyo kwanza umewashwa. Katika maneno hayo machache mna uchambuzi: sehemu zimetenganishwa, mlaji amefikiriwa, na sababu imetolewa. Msafiri anaweza kuikubali hukumu hiyo au kuikataa, lakini hawezi kusema hakuelezwa.

Uhakiki wa michezo ya video, kwa sehemu kubwa, umeshika njia ya nambari. Metacritic, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001, hukusanya hukumu za wahakiki wengi, huzigeuza kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani wake. Majarida mengine hupewa uzito kuliko mengine, kwa kipimo ambacho wenyewe hawakitangazi. Jambo la kushangaza ni kwamba kipimo hicho hicho hubadilika kufuatana na aina ya sanaa. Filamu iliyopata kati ya 40 na 60 huhesabiwa kuwa imegawanya maoni, lakini kwa mchezo wa video maoni yaliyogawanyika huanzia 50 na kufikia 74. Maana yake ni kwamba mchezo uliopata 70 umo kundini mwa kazi za wastani, ilhali filamu yenye 70 imesifiwa. Katika vyuo vikuu vya Kenya mwanafunzi mwenye 70 huandikiwa A na kupongezwa na wazazi wake.

Alama zimepandaje hivyo? Sababu moja haifichiki. Majarida yanayohukumu michezo hutegemea watoaji wa michezo kwa mambo mawili: kupewa nakala kabla ya siku ya kuuzwa, na kupewa matangazo ya kulipia. Mwezi wa Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann aliachishwa kazi katika GameSpot muda mfupi baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6, wakati ambapo kurasa za GameSpot zilikuwa zimejaa matangazo ya mchezo huo huo. Mwaka 2012, alipopata ruhusa ya kusema, yeye mwenyewe alieleza jinsi shinikizo la watangazaji lilivyohusika. Izingatiwe kwamba hakusema mchezo ni mbovu. Alisema ni wa wastani, na hukumu hiyo ndiyo iliyoudhi. Pale ambapo 6 ni tusi, mhakiki hana tena neno la kuielezea kazi ya kati, na ngazi yote ya alama imebakiwa na vidato vitatu vya juu.

Mtunzi naye huumia. Fallout: New Vegas, uliotungwa na kampuni ya Obsidian na kutolewa mwaka 2010, ulipata wastani wa 84. Miaka miwili baadaye ilijulikana kwa umma kwamba mkataba uliahidi malipo ya ziada kama wastani ungefika 85. Hakuna mhakiki hata mmoja kati ya waliouandikia mchezo huo aliyekusudia kuwanyima watu ujira wao. Kila mmoja alitoa maoni yake, na mashine ya kujumlisha ikayafanya kuwa hukumu ya mshahara. Baadhi ya majarida yaliliona tatizo hili. Eurogamer la Uingereza liliacha alama mwaka 2015 na kusema tu kama mchezo unafaa au uepukwe, lakini mwaka 2023 likarudi kwenye kipimo, safari hii cha nyota tano.

Kuna pia kosa la mbinu, nalo halipaswi kuwa geni kwa wasomaji wa jarida hili. Famitsu la Japani huwapa wahakiki wanne mchezo mmoja, kila mmoja akatoa alama kwa 10, na jumla ikawa kwa 40. IGN kwa miaka mingi liligawa hukumu yake katika mafungu: picha, sauti, uchezaji, uwezo wa kudumu na kadhalika. Mbinu hii inafanana sana na ile iliyotawala uhakiki wa Kiswahili, ambapo mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kisha akaweka fani upande huu na maudhui upande ule kama mtu apangaye nyanya na vitunguu sokoni. Orodha husaidia kuanza kazi. Haiwezi kuimaliza, kwa kuwa jambo linaloifanya kazi fulani iwe ya wastani aghalabu liko katika mahusiano ya sehemu hizo na si ndani ya sehemu moja.

Tuchukue mchezo wa Afrika, uliotengenezwa kwa mashine ya PlayStation 3 na kutolewa Japani mwaka 2008, kisha Marekani ya Kaskazini mwaka 2009. Mchezaji huwa Eric au Anna, wageni waliofika mbugani na kamera. Kambini hupokea maagizo ya picha zinazotakiwa. Huenda nyikani, hungoja mnyama, hupiga picha, hurudi, hulipwa, na kwa fedha hiyo hununua vifaa bora zaidi. Hakuna kuua. Wahakiki wa Marekani waliupokea kwa maoni yaliyogawanyika. Walisifu wanyama jinsi walivyochorwa na wanavyotembea, wakasifu muziki wa okestra wa Wataru Hokoyama, lakini wakalalamika kwamba mchezo unakwenda polepole, kazi zinajirudia, na muda mwingi hakuna linalotokea.

Hukumu hiyo ina kweli ndani yake, lakini imeweka kidole mahali pasipo kidonda. Mtu aliyesimama kwenye ukingo wa Kikopey akalitazama Ziwa Elmenteita, walipo flamingo na mwari, hawezi kushangaa kwamba kumtazama ndege ni kazi ya kungoja. Anayechunga mbuzi kwenye miteremko ile hungoja kutwa nzima. Katika mchezo unaohusu kumtazama mnyama, kungoja ndiyo fani yenyewe, na kulalamikia kungoja ni sawa na kulalamikia utenzi kwa kuwa na beti nyingi. Mhakiki aliyezoea bunduki alikuwa akiipima kazi hii kwa rula ya kazi nyingine. Ushahidi upo. Mwaka ule ule wa 2008 ulitoka Far Cry 2, ambao watungaji wake walisafiri hadi Kenya kukusanya picha na sauti za nchi. Waliporudi walitunga nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye vita, almasi na malaria, na wahakiki wakaupa wastani uliozidi 80. Savana ile ile, ikipigwa risasi, ilipata alama nyingi kuliko ikipigwa picha.

Hii haina maana kwamba Afrika ni kazi kubwa iliyoonewa. Ni kazi ya wastani kweli, ila kwa sababu nyingine, ambayo orodha ya picha, sauti na uchezaji haikuweza kuiona. Kazi anayopewa mchezaji ni ya wanyama: mtu wa nchi hiyo si sehemu ya picha anayotakiwa kuleta. Chini ya Kikopey hali haiko hivyo. Soysambu, ambamo ziwa limo, ni shamba la ng'ombe na pia hifadhi ya wanyama wa porini. Nalo lilikuwa mali ya Lord Delamere, katika bonde ambalo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904. Mwaka 2011 ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mandhari ya Bonde la Ufa, kwa hiyo, ni historia ya watu kabla hayajawa mapambo. Mhakiki ambaye angeuliza watu wamekwenda wapi angefikia hukumu ile ile ya wastani, lakini msomaji angejua sababu, na mtunzi angepata la kurekebisha. Kuambiwa kwamba kazi inakwenda polepole kutamfanya mtunzi aongeze mwendo tu, na pengine bunduki.

Hukumu nyingine, isiyoandikwa, hutolewa katika vyumba ambavyo vijana wa Kenya huviita pleisteshen, kwa jina la mashine yenyewe. Humo mchezaji hulipa kwa mechi, anayeshindwa humwachia mwenziwe padi, na mchezo mkuu ni kandanda. Wahakiki wa ng'ambo wana desturi ya kuupunguzia alama mchezo wa kandanda unaotolewa kila mwaka kwa kuwa haukubadilika vya kutosha. Kwa mwenye chumba kutobadilika ni sifa: vidole vya wateja vimekwisha kuuzoea, na diski ya miaka mitatu iliyopita bado inamletea chakula. Kwa upande mwingine, eFootball ya Konami ilipotoka Septemba 2021 ikiwa na nyuso zilizopindana na mpira usiotii, wahakiki na wachezaji wa kawaida, hapa na kwingineko, walikubaliana bila kujadiliana. Ubovu hauhitaji tafsiri. Wastani ndio unaohitaji kujua mchezaji ni nani, analipa vipi, na anacheza na nani.

Kwa watungaji wa hapa nyumbani hali ni nzito zaidi, kwa sababu hata hiyo hukumu ya wastani hawaipati. Metacritic haitoi alama mpaka zipatikane hukumu nne. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitunga The Adventures of Nyangi. Baadaye Planet Rackus wakatunga Ma3Racer, mchezo wa simu wa dereva wa matatu. Na mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambamo askari aitwaye Otero anaupigania mji dhidi ya wavamizi kutoka sayari nyingine. Kazi hizi ziliandikwa magazetini, lakini zaidi kama habari: kwamba Mkenya ametunga, kwamba hii ni ya kwanza ya aina yake. Sifa ya namna hiyo ni sifa anayopewa mtoto aliyesimama dede. Haimwambii mnunuzi kama atumie fedha yake, wala haimwambii mtunzi kama hatua yake ya pili iende kulia au kushoto.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kupita njia hii. Riwaya za upelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilisomwa mpaka kurasa zikachakaa, ilhali wataalamu wengi waliziweka zote katika kapu moja la fasihi pendwa na kulifunga. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu haikuelezwa vizuri ni kitabu kipi katika kapu hilo kilichokuwa na msuko imara na kipi kilichojazwa maneno. Wasomaji walijua, lakini maarifa yao hayakuandikwa.

Mhakiki ambaye angeichukua Nairobi X kwa uzito angeanza na mambo madogo. Je, mitaa ile ni Nairobi, au ni mji wowote uliobandikwa jina? Otero husema lugha gani anapokuwa hatarini, na Kiingereza chake ni cha Nairobi au cha filamu za Marekani? Simu ya bei ya chini huubeba mchezo huu kwa muda gani kabla haijapata moto? Kisha angekumbuka kwamba mwaka 2011, kabla ya uchaguzi mkuu, Kaggia huyo huyo alitoa katuni ya Wageuzi, ambamo wanasiasa wa Kenya waligeuka magari na mashine wakishindania urais, dhihaka iliyoeleweka na kila aliyeitazama. Angeweka kazi hizo mbili pamoja na kuchunguza kama ile dhihaka imesalia mahali fulani katika vita vya Otero, au kama adui alipotolewa bungeni na kupelekwa sayari nyingine mtunzi aliacha nyuma kitu alichokuwa akikijua kuliko wengine wote.