Kalamu Nyekundu ya Msimamizi: Hoja za Stephen North Zikipimwa Goma

Mwaka 1984 Stephen North, aliyekuwa akifundisha utungaji katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Albany, alichapisha katika jarida la College English makala iitwayo "The Idea of a Writing Center". Ni makala iliyoandikwa kwa hasira. North alichoshwa na walimu wenzake waliokichukulia kituo cha uandishi kuwa mahali pa kupeleka karatasi mbovu zikatengenezwe sarufi. Yeye alishikilia kwamba kazi ya kituo si kuisahihisha karatasi bali kumjenga anayeiandika.

Hoja hiyo yastahili kupimwa Goma, ambako kwa desturi msaada wa uandishi hutolewa na mtu, si kituo. Katika vyuo vya Kongo mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho hupewa mkurugenzi, aghalabu profesa, na pamoja naye ankadrere, aghalabu mhadhiri msaidizi. Katika mfumo wa zamani, wenye miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, kila ngazi ilikamilishwa kwa kazi iliyoandikwa. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umezipanga ngazi upya, lakini haja ya msimamizi imebaki palepale. Kwa hiyo kile ambacho North alilazimika kukitetea, yaani mwalimu mmoja kuketi na mwanafunzi mmoja mbele ya rasimu moja, hapa kimekuwapo muda mrefu. Tatizo ni namna kinavyotumika. Mara nyingi rasimu humfikia ankadrere sura nzima ikiwa imekwisha kuchapwa. Naye huichukua kalamu nyekundu, hufuta, huandika juu, huirudisha. Mwanafunzi huipeleka kwa mchapaji, na masahihisho huingizwa bila kupita kichwani mwa mtu yeyote.

Hasara ya desturi hii huonekana vizuri zaidi katika utangulizi. Kila mwanafunzi huzijua sehemu zake kwa moyo: hali ya utafiti, tatizo, dhanio, uteuzi na umuhimu wa mada, mipaka, mgawanyo wa kazi. Huzijaza kama mtu ajazaye fomu. Kwa Kifaransa, dhanio huandikwa kwa hali ya masharti, kwani lugha hiyo huitumia hali hiyo kueleza jambo linalokisiwa tu. Mwanafunzi anayeandika kazi yake kwa Kiswahili huihamisha desturi hiyo nzimanzima na kuandika: "Ukosefu wa vitabu ungekuwa sababu ya udhaifu wa wanafunzi katika kusoma." Sentensi haina kosa la upatanisho wala la tahajia. Hata hivyo, kiambishi -nge- katika Kiswahili huashiria jambo lisilokuwapo, au lililotegemea sharti ambalo halikutimia. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa kwamba ukosefu wa vitabu sio sababu, na atangoja aambiwe sharti lenyewe ni lipi. Dhanio limejikana kabla ya kuchunguzwa!

Kalamu nyekundu itafuta ungekuwa na kuandika huenda ndio. Sentensi itapona, lakini katika sura ya pili mwanafunzi atarudia kosa lilelile. Lau msimamizi angeuliza tu, "Je, unadai kwamba ndiyo sababu, au kwamba siyo?", mwanafunzi angelazimika kujibu kwa mdomo, na katika kujibu angesikia mwenyewe tofauti iliyopo baina ya alichokusudia na alichoandika. Hapa North yuko sahihi kabisa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo makala yake haiyatoshelezi. Kwanza, kituo alichokitetea hakitoi alama. Ankadrere ni msaidizi, na mara nyingi yumo pia miongoni mwa watakaoihukumu kazi. Mwanafunzi mwenye busara hafichui asichokijua mbele ya hakimu wake. Huleta kurasa zilizokwisha kupambwa. Pili, suala la lugha. Mwanafunzi wa Goma huzungumza Kiswahili cha mjini, husomeshwa kwa Kifaransa, na akiingia idara ya lugha za Kiafrika hudaiwa Kiswahili sanifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokabiliwa na udhaifu wa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano na kufundisha wanafunzi kwa makundi. North angelalamika kwamba stadi zinazofundishwa mbali na rasimu ya mwanafunzi mwenyewe hazishiki. Huenda, ila somo la -nge- halihitaji kurudiwa mbele ya kila mwanafunzi peke yake, nalo laweza kumalizwa darasani kwa saa moja.

Mwaka 1994, katika The Writing Center Journal, North aliirudia makala yake na kukiri kwamba alikuwa amempaka mwanafunzi rangi nzuri mno: wengi hawaji kwa shauku ya kuandika, bali wanataka kazi iishe na ipate alama. Kwa Goma, ungamo hili lina faida kuliko makala ya kwanza. Mji ambao lava ya Nyiragongo iliukata tarehe 17 Januari 2002, ambao mlima huo uliutikisa tena tarehe 22 Mei 2021, na ambao ulitekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, hauwezi kumlaumu mwanafunzi kwa kutaka kumaliza upesi. Msaada unaomfaa ni ule unaokuja mapema na usiochukua muda mrefu: nusu saa juu ya ukurasa mmoja wenye tatizo na dhanio, kabla ya data kukusanywa, mbele ya msomaji asiyekuwa na alama mkononi. Msomaji huyo aweza kuwa mhadhiri msaidizi asiyemsimamia, au mwanafunzi aliyekwisha kutetea kazi yake. Kinachosalia ni idara kukubali kuihesabu nusu saa hiyo katika ratiba ya mhadhiri kama inavyohesabu saa za mhadhara.