Nyaya Nne na Mkono Usiotulia

Vua kifuniko cha chuma cha kamera ya simu yenye kituliza picha, uiweke chini ya hadubini. Kinachoonekana kwanza ni kwamba lenzi haikukazwa popote: inaning'inia. Kila pembe ya kiboksi hicho kidogo ina waya wa chuma uliosimama wima, mwembamba kama unywele, na nyaya hizo nne ndizo zinazobeba lenzi nzima. Iguse kwa ncha ya kibano: inasogea kushoto, kulia, juu, chini, kisha inarudi katikati yenyewe. Asiyejua atasema imelegea. Kweli imelegea, ndiyo maana simu nyingi zikitikiswa hutoa mlio hafifu, lakini ulegevu huo umepimwa kwa uangalifu mkubwa.

Sababu yake ni mkono. Mkono wa mtu mwenye afya njema hutetemeka kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, hata akijikaza. Mchana wa jua kali haidhuru, maana kamera hupokea mwanga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Usiku, ukumbini, chini ya taa hafifu, inaweza kuhitaji sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo mtetemo mmoja mzima unaingia kwenye picha. Tupige hesabu. Chukua lenzi iliyo milimita 5 kutoka kwenye kihisi cha picha. Simu ikiinama nusu digrii tu, taswira inahama mikroni 44 hivi. Pikseli za simu nyingi zina upana wa takriban mikroni 1. Kwa hiyo taa ya mbali, iliyopaswa kuwa nukta, inaburuzwa juu ya pikseli arobaini na kuwa mstari.

Wapigapicha wa filamu walipata dawa mapema. Nikon iliuza kamera ndogo yenye kituliza picha mwaka 1994, na mwaka uliofuata Canon ikatoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 yenye uwezo huo. Kwenye mitambo hiyo kulikuwa na nafasi ya kusogeza baadhi ya vioo ndani ya lenzi ndefu. Simu haina nafasi hiyo. Nokia ilipotoa Lumia 920 mwaka 2012, wahandisi wake walikuwa wameamua kuifanya lenzi yote ielee kwa pamoja. Tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, ingawa iPhone 12 Pro Max ya mwaka 2020 iliigeuza: lenzi ikatulia na kihisi ndicho kikasogea.

Kazi ya kutuliza picha inaanzia kwenye gairoskopu, chipu ambayo ndani yake kipande cha silikoni kimechongwa na kufanywa kitetemeke maelfu ya mara kwa sekunde. Simu ikigeuka, kipande hicho husukumwa pembeni na nguvu aliyoieleza Mfaransa Coriolis mwaka 1835. Msukumo huo ni mdogo kupita kiasi, lakini unabadilisha chaji ya umeme kati ya vimeno vya silikoni vilivyokaribiana, na chipu inausoma kama kasi ya kugeuka.

Kasi peke yake haitoshi. Lenzi inahitaji kujua pembe, na pembe hupatikana kwa kujumlisha kasi hatua kwa hatua. Hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi wa kamera hizi. Gairoskopu haijui kunyamaza kabisa: simu ikilala mezani, bado inatoa namba ndogo isiyo sifuri. Ijumlishe maelfu ya mara na utapata pembe ya uongo, na lenzi itatambaa taratibu mpaka igonge ukuta. Tena kuna mtu anayerekodi bibi harusi akiingia, anageuza simu kumfuata. Mgeuko huo ni wa makusudi, usifutwe. Kwa hiyo wanaweka kichujio kinachopuuza mienendo ya polepole na kuruhusu mitetemo ya haraka ipite. Mpaka uwekwe wapi? Ukiusogeza chini mno, video inashikwa na kunata kila mkono unapogeuka. Ukiupandisha mno, mtetemo wenyewe unaponyoka. Hakuna kanuni inayolitoa jibu hilo moja kwa moja. Wanapiga, wanatazama, wanabadilisha namba, wanapiga tena.

Baada ya hapo umeme unaingia kwenye koili zilizo kando ya sumaku. Mkondo ukipita, lenzi inasukumwa ili kuufuta mtetemo. Kihisi kinachotumia tabia ya sumaku na umeme aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 kinapima lenzi imefika wapi, na mkondo unasahihishwa. Mzunguko huu wa kupima na kusukuma hurudiwa maelfu ya mara kila sekunde, na lazima uzingatie uzito pia, kwa sababu simu ikisimamishwa wima lenzi inashuka kidogo juu ya nyaya zake.

Kabla ya yote hayo, kiwandani, mashine hushika lenzi juu ya kihisi cha picha kilichokwisha kuwashwa na kinachotazama ubao wa alama. Huiinamisha kidogo huku, kidogo kule, mpaka pembe zote za picha zionekane kali sawasawa. Ndipo gundi inapopigwa mwanga wa urujuanimno, ikashika.

Kisha kamera inawekwa kwenye meza inayotikiswa na kuelekezwa kwenye nukta ya mwanga. Ikisahihishwa pungufu, nukta inabaki mstari. Ikizidishwa, mstari unarudi tena. Katikati ipo namba moja inayoifanya nukta iwe nukta, na namba hiyo hutofautiana kati ya kamera na kamera, kwa kuwa hakuna sumaku mbili wala nyaya mbili zilizo sawa kabisa. Basi kila kamera inapimwa yenyewe, na namba yake inaandikwa kwenye kumbukumbu.

Ufundi huu una adui, na anapatikana kwa wingi katika miji yetu. Septemba 2021 Apple iliwatahadharisha wateja kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, unaweza kuharibu mfumo huu wa kamera. Kwa pikipiki ndogo mtetemo ni mdogo zaidi, lakini hata huko ilishauri kutumia kishikio kinachopunguza mtetemo. Wewe dereva wa bodaboda unayefunga simu mbele ili uone ramani, tafuta kishikio chenye mpira wa kufyonza mtetemo, au iweke simu mfukoni na usikilize maelekezo kwa sauti.