Kiungo cha Chokaa: Namna ya Kupima Jumba la Kiingereza

Majumba ya mashambani ya Uingereza, yaani makao ambayo makabaila walijijengea katikati ya ardhi yao, husifiwa siku hizi kwa vigezo vya ovyo, hata jumba lililoharibiwa kwa ukarabati likapongezwa kwa kuwa tu linang'aa. Asiyejua hukimbilia nguzo za barazani na wingi wa madirisha. Nguzo hazithibitishi kitu, kwani mwenye fedha yeyote aliweza kuziagiza. Madirisha nayo hudanganya, kama katika Hardwick Hall, jumba la miaka ya 1590, ambako baadhi ya vioo vina ukuta mtupu nyuma yake.

Kinachostahili kutazamwa kwanza ni kiungo, yaani mstari wa chokaa unaoshikanisha tofali na tofali. Katika kazi bora ya karne ya 17 na ya 18, hasa kwenye matao ya madirisha, waashi walichagua matofali mekundu laini, wakayakata, wakayasugua juu ya jiwe mpaka yakalingana, kisha wakayapanga kwa chokaa laini iliyolowekwa muda mrefu, hata kiungo kikabaki na unene wa milimita moja au mbili. Ukuta ambao viungo vyake huonekana kabla ya matofali yake ni ukuta mbovu, na hilo halina mjadala.

Kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ghali, wajanja waliiiga: walijenga kwa matofali ya kawaida, wakajaza viungo kwa chokaa yenye rangi ya tofali, kisha wakapitisha katikati utepe mwembamba mweupe. Anayesogea karibu huona utepe huo umetokeza kidogo, ilhali kiungo cha kweli hulala sawasawa na uso wa ukuta.

Saruji inayotiwa viungoni wakati wa ukarabati ndiyo isiyosameheka. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huuzuia, hivyo maji hulazimika kutokea ndani ya tofali lenyewe, na yanapoganda wakati wa baridi uso wake hubanduka.

Ulaghai wa zamani angalau ulikuwa na adabu. Msanifu majengo Henry Holland, alipolibadilisha jumba la Althorp mwishoni mwa karne ya 18, alizifunika kuta zake nyekundu kwa vigae vilivyoumbwa vifanane na matofali meupe; vigae vya aina hiyo hugunduliwa tu na anayechunguza pembe za ukuta na kandokando ya madirisha.